Miche Iliyoinua Shingo Gizani

Jumatatu, 3 Mei 1999

Daktari Maleka amenionya leo kwa mara ya tatu. Daftari la maabara si mahali pa kusema "nadhani". Ni saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya trei, seli ngapi zimetazamwa, basi. Wiki iliyopita niliandika pembeni kwamba miche ilionekana kama yenye huzuni. Amelikata neno hilo kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia sahihi yake juu yake kama hakimu.

Kwa hiyo nimenunua daftari hili, na humu nitaweka yasiyo namba.

Maabara yetu ni ghorofa ya chini ya nyumba ya babu yake Daktari, hapa Mji wa Kale. Marehemu alikuwa akiweka ngozi na karafuu. Kuta ni za matumbawe, nene kuliko mkono wangu ulivyo mrefu, na stoo ya ndani haina hata dirisha moja. Daktari anasema huko ng'ambo alikosoma walihangaika miaka miwili kujenga giza kama hili, naye amelirithi.

Ndani ya giza hilo tunaotesha tumbaku, miche midogo kama sindano. Katika kila seli ya mche mna protini inayohisi mwanga. Gizani hutawanyika tu ndani ya seli, haina kazi. Mwanga mwekundu ukiipiga, huhama ilipo na kuingia katika kiini cha seli, mahali panapotoka amri za mmea. Hapo ndipo mche hujua kuwa umetoka ardhini. Huacha kurefuka ovyo, huinua shingo, hufungua majani. Protini yenyewe haionekani, lakini wataalamu wameibandikia protini nyingine ya yavuyavu, yule mnyama wa baharini mwenye kuwasha, na hiyo hung'aa chini ya hadubini. Inapong'aa ya yavuyavu, ndipo na yetu ilipo.

Daktari anataka kujua inachukua dakika ngapi kuingia, na ikirudishwa gizani hutoka lini. Ili apime, lazima awe na miche isiyoonja mwanga hata chembe. Tunaiita miche ya giza. Ikiharibika hiyo, mengine yote ni porojo.

Tuko watatu. Daktari, mimi Ngowa Tsofa niliye karani, na Mama Mejumaa, anayemwagilia miche asubuhi na alasiri kwa taa hafifu ya kijani, kwa kuwa protini hii kijani karibu haikioni. Mama Mejumaa alikuwa akifanya kazi kwa mamake Daktari tangu Daktari akivaa sare ya shule. Ndiye pekee anayemwita Maleka bila "Daktari".

Jumanne, 4 Mei

Mvua tangu alfajiri. Karatasi zimelegea kama mkate uliochovywa chai.

Alhamisi, 6 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Daktari amekwenda Nairobi kufuatilia kibali cha mbegu, hatarudi hadi Jumatano. Saa tano asubuhi niliingia gizani kupanda trei mpya. Taa ya kijani ni kasha la bati lenye kioo maalumu cha kijani mbele, na kioo hicho kimetoka ng'ambo pamoja na hadubini. Siku ya kwanza ya kazi Daktari aliniambia, "Vyote humu vina wenzake, Ngowa, ila hiki."

Kwenye kona ya kioo niliona doa la kuvu. Mvua hizi kila kitu kinaota kuvu. Nami siwezi kuliacha doa. Mamangu anasema nilizaliwa na kitambaa mkononi. Nikachovya kitambaa majini, nikafuta. Taa ilikuwa imewaka nusu saa nzima na kioo kilikuwa cha moto. Kililia mara moja tu, kama mtu aliyefinywa, kikapasuka vipande vitatu.

Nilikaa sakafuni. Nilimaliza shule mwaka wa tisini na tano, na nimepata kazi hii mwaka huu. Kati ya hapo na hapa nimesimama kwenye milango ambayo sitaki kuihesabu. Huku kwetu Tudor wote wanajua mtoto wa Sidi, mamangu, anafanya kazi kwa daktari wa sayansi.

Nikaenda dukani kwa Dawoodbhai, karibu na soko. Nilimwomba balbu ya taa ya kijani na kipande cha kioo cha kawaida. Akanishushia boksi la zile taa zilizopakwa rangi, zinazotundikwa misikitini wakati wa Maulidi.

"Ngowa! Umesilimu lini, bwana? Shahada hatukuisikia."

"Ni ya kazini, Dawoodbhai. Je, kijani hiki ni kijani kweli?"

Akaiwasha juu ya kaunta. Duka lote likawa kama chini ya maji. "Kijani ni kijani. Wataka kijani cha namna gani tena?"

Alinikatia kioo kwa vipimo vyangu. Nilirudi, nikatia taa ndani ya kasha, nikafunga kioo kipya mbele yake. Ukisimama mlangoni huwezi kujua tofauti. Vipande vya kile cha zamani nimevifunga katika gazeti, viko uvunguni mwa kitanda changu.

Katika daftari la maabara nimeandika: *Saa 5.00 nimeingia. Trei namba 14 imepandwa. Saa 6.20 nimetoka.* Hakuna neno la uongo hapo.

Ijumaa, 7 Mei

Sikulala vizuri. Mvua.

Jumatatu, 10 Mei

Mama Mejumaa alitoka gizani akijipangusa mikono kwa leso.

"Ngowa mwanangu, miche yako yaanza kuringa."

"Inaringa vipi, mama?"

"Zamani ilikuwa imeinama, vichwa chini, kama iko rukuu. Leo yaniangalia usoni."

Nikamwambia labda ni unyevu. Akacheka, akasema unyevu ungeinua shingo za watu, angekuwa twiga kwa mvua za mwaka huu. Sikuliandika alilolisema. Si namba.

Jumatano, 12 Mei

Daktari amerudi na kibali. Alikuwa na furaha, alituletea karanga. Saa nane alitoa miche ya giza ya trei 14, akainama kwenye hadubini.

"Njoo utazame."

Nilitazama. Kwa kawaida miche ya giza huonyesha ukungu wa kijani uliotanda seli nzima, kama mvuke kwenye kioo cha bafu. Leo ukungu ulikuwa umekwisha. Katikati ya kila seli palikuwa na kitone kimoja kinachong'aa, na ndani yake chembe ndogo ndogo. Nilihesabu seli hamsini. Arobaini na moja zilikuwa hivyo. Desturi ni mbili au tatu.

"Imeona mwanga," akasema Daktari. "Wapi? Lini?"

Nikasema sijui. Nimeandika neno hilo hapa ili nilione. Nilisema sijui. Na wakati ule kweli sikujua. Nilikuwa ninahofia tu.

Alhamisi, 13 Mei

Siku nzima tumewinda matundu. Daktari alijifungia ndani ya stoo bila taa, akakaa nusu saa macho yazoee, sisi tukimulika tochi kwa nje. Alikuta ufa kama unywele kwenye bawaba. Mama Mejumaa alileta buibui lake kuukuu, tukalipigilia mlangoni mikunjo miwili.

"Limenisitiri miaka tisa," akasema, "halitashindwa kuisitiri tumbaku."

Daktari alicheka. Nilicheka pia, na nikaomba Mungu iwe ni ule ufa.

Ijumaa, 14 Mei

Maji yamefika kizingitini. Tumeweka magunia ya mchanga.

Jumanne, 18 Mei

Seli hamsini. Thelathini na tisa. Haikuwa ufa.

Daktari aliosha mikono mara mbili, akapanda juu kwake bila kuaga. Ripoti inatakiwa ifike kwa wafadhili wa ng'ambo mwisho wa Juni. Wasiporidhika hawataleta mbegu tena, na stoo hii itarudi kuwa stoo.

Alhamisi, 20 Mei

Sasa najua.

Miche inapopimwa tunaipiga mwanga mwekundu kupitia kioo chekundu kilichokolea, kinachopitisha wekundu peke yake. Leo, Daktari akiwa juu anapokea simu, niliingia gizani na kioo hicho, nikaiwasha taa yangu ya kijani, nikaitazama kupitia kwacho. Kama taa ingekuwa inatoa kijani kitupu, ningeona weusi tu.

Niliona uzi wa taa, mwekundu, umejikunja kama herufi, wazi kabisa.

Rangi ya Dawoodbhai imefunika wekundu machoni petu tu, haikuuzuia. Kila asubuhi na kila alasiri Mama Mejumaa anapoingia kumwagilia, anaimulika miche kwa kile kile tunachokiogopa, na mimi ndiye niliyemwekea.

Nilisimama mlangoni mwa ofisi ya Daktari nikiwa na kioo mkononi. Alikuwa bado kwenye simu, akizungumza Kigujarati kwa sauti ya uchovu. Aliinua kichwa akanipa ishara: nini? Nikasema, "Wino wa mashine ya chapa umekwisha, Daktari." Haukuwa umekwisha.

Jumatatu, 24 Mei

Arobaini na nne.

Jumanne, 25 Mei

Nitaandika maneno kama yalivyosemwa.

Asubuhi Daktari aliniita nimletee daftari la maabara. Alipitisha kidole kwenye safu ya saa, mwandiko wangu, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akamwita Mama Mejumaa.

"Mama, zamani ulikuwa ukiingia dakika kumi na mbili, kumi na tano. Mwezi huu ishirini na tano. Jumamosi thelathini na moja. Unafanya nini humo?"

"Naitoa miche iliyooza, Maleka. Mvua hizi yaoza. Nisipoiondoa itaambukiza mingine."

"Na mlango?"

"Mlango nafunga."

"Kila mara?"

"Maleka, mlango wafungwa toka siku uliyoniambia ufungwe."

"Basi mwanga unatoka wapi?" Sauti ya Daktari ilipanda, na sijapata kuisikia ikipanda. "Kuta nimezipima. Ufa nimeuziba. Tumebaki watu. Ngowa anaingia mara moja kwa wiki, tena saa zake haziongezeki. Joto ni kali humo, najua. Kama ulifungua mlango upate pumzi, niambie. Sitakasirika."

"Ningefungua ningekwambia."

Nilikuwa nimesimama kati yao na daftari liko wazi mezani. Kila namba pale ni ya kweli. Sijawahi kukosea hata dakika moja. Nilifikiri: sasa. Ulimi ulikuwa mzito kama kipande cha ngozi kilichosahauliwa na babu yake Daktari.

Daktari akageuka. "Ngowa, saa hizi ni sahihi?"

"Ni sahihi, Daktari."

Ndilo nililosema. Mama Mejumaa aliniangalia, si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi.

"Kaa nyumbani kwanza, mama," akasema Daktari, akitazama dirishani. "Mpaka nimalize ripoti."

Mama Mejumaa alikunja leso yake mara nne. "Nilikusuka nywele zako za shule kwenye ngazi hino hino," akasema. "Sijapata kukudanganya hata ulipokuwa na chawa." Akaenda. Buibui lake aliliacha mlangoni.

Jumatano, 26 Mei

Nimeambiwa nimwagilie mimi. Nilipoingia niliichomoa taa ya Dawoodbhai, nikaitia mfukoni, nikamwambia Daktari imeungua.

"Afadhali," akasema. "Fanya kwa kupapasa."

Nilidhani nimetengeneza jambo. Nimemwagilia kwa vidole katika giza totoro, nikihesabu hatua. Nilijiambia kwamba miche ikirudi hali yake, Daktari atatulia, moyo wake utalainika, atamwita mama wa watu arudi.

Jumatatu, 31 Mei

Seli mbili kati ya hamsini.

Daktari alinyanyuka kwenye hadubini, macho yamelowa. "Umeona?" akasema. "Nilikuwa naomba isiwe yeye."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi, ninayefikiria kila kitu mara tatu. Kwa kuitoa taa nimeleta ushahidi wa mwisho dhidi yake.

Jumanne, 1 Juni

Sikukuu. Nimelala kutwa nimegeukia ukuta. Mamangu anauliza kama ni malaria.

Jumapili, 6 Juni

Nimekwenda Majengo kumtazama Mama Mejumaa. Nilinunua mkate wa mofa, nikajiambia nikifika tu nitasema.

Chumba chake ni kimoja, kinatazama njia. Ameanza kupika mbaazi za nazi, anauza mlangoni asubuhi na magharibi. Nilimkuta akikuna nazi juu ya mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Maleka hajambo? Kile kikohozi chake?"

"Hajambo."

"Na miche?"

"Imeinama, mama. Kama zamani."

Akaacha kukuna. Nje jirani mmoja alipita akasema kwa sauti, "Mejumaa, leo hukuharibu dawa za Wazungu?" na wenzake wakacheka. Ndivyo ilivyoenea huku: kwamba aliachia dawa za Wazungu zikaharibika, akafukuzwa.

"Imeinama," akarudia. "Basi huenda ni mie."

"Mama..."

"Nisikilize. Nimekaa nikifikiri. Umri huu kichwa husahau. Juzi nimetia chumvi mara mbili. Huenda siku moja nilifungua mlango nikapata upepo, nikasahau kuwa nilifungua. Huenda si siku moja. Nimeapa mbele ya Maleka kuwa nilifunga, na sasa sijui nimeapa nini. Usiku naukumbuka ule mlango, mara naona nimeufunga, mara naona uko wazi." Akachukua nazi tena. "Mtu waweza kuwa mwongo na usijue, Ngowa. Hilo ndilo linalonitisha. Kazi ni kazi, Mungu ataleta nyingine."

Nilikula mbaazi zake. Nilizimaliza. Nikasema asante, nikatoka, nikatembea mpaka Tudor kwa miguu nikiwa na yale maneno mdomoni.

Jumatatu, 7 Juni

Hakuna mvua. Sikuandika chochote cha maana kazini wala hapa.

Ijumaa, 11 Juni

Nimepiga chapa rasimu ya ripoti. Ukurasa wa nne unasema: *Majaribio matatu ya mwezi Mei yameondolewa, kwa sababu mhudumu mmoja aliruhusu mwanga kuingia katika chumba cha giza. Mhudumu huyo ameondolewa kazini.* Mwisho wa ukurasa pana mstari mtupu na chini yake: *Nathibitisha kuwa kumbukumbu za chumba cha giza ni kamili. N. Tsofa, Karani.*

"Ni desturi yao," akasema Daktari. "Anayeandika anatia sahihi. Utasaini siku ya kuituma."

Kamili. Si "sahihi". Neno "sahihi" ningeliweza, maana kila kilichoandikwa kimetokea. Sasa wanataka nithibitishe kwamba hakuna kilichoachwa.

Jumanne, 15 Juni

Nimeamua jambo, lakini siwezi kwenda kwa Daktari na maneno matupu. Yeye mwenyewe amenifundisha hivyo. Nikimwambia "ni taa yangu" bila kipimo, atadhani namhurumia mama nikajitwika lawama.

Leo nimepanda trei mbili za mbegu moja, saa moja, maji mamoja. Ya kwanza nimeitia ndani ya debe la biskuti lenye kifuniko, nikalizungushia kitambaa cheusi. Ya pili iko wazi kando yake. Nimeirudisha taa ya Dawoodbhai katika kasha lake. Nitaiwasha dakika ishirini na tano asubuhi na ishirini na tano alasiri, kama ilivyokuwa mwezi Mei. Trei za Daktari nimezihamishia kabatini, nimefunga kwa ufunguo. Trei zangu mbili nimeziandika daftarini kwa namba zake. Bado hajauliza ni za nini.

Jumamosi, 19 Juni

Miche ya trei iliyo wazi imeinua shingo. Nimeiona mwenyewe. Mama Mejumaa aliliona hili siku ya nne, bila hadubini, bila shule, akasema wazi, nami nikamjibu unyevu.

Jumatatu, 21 Juni

Daktari alikwenda Kizingo kwa shangaziye mgonjwa, akaniachia hadubini. Nimehesabu mara tatu.

Ndani ya debe: seli moja kati ya hamsini.
Kando ya taa: arobaini na tatu.

Njia zote zimeanza kutundikwa taa za Maulidi. Nilipita chini yake nikiinamisha kichwa, kama zinanijua.

Jumanne, 22 Juni

Nilifika kabla ya Daktari. Mezani kwake niliweka vipande vitatu vya kioo ndani ya gazeti lake la Mei, taa ya Dawoodbhai, kioo chekundu, na daftari la maabara, wazi penye namba za jana. Kisha nikasimama kando ya meza, maana nilijua nikikaa sitaweza kunyanyuka.

Aliingia, akavitazama vitu. Alianza kwa kukunjua gazeti. Alikijua kioo mara moja.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Daktari?"

"Kilivunjika saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Alhamisi, tarehe sita Mei. Nilikifuta kwa maji kikiwa cha moto."

"Na hii?"

"Nilinunua siku ile ile. Haikuungua, Daktari. Niliitoa mimi, baada ya mama kuondoka."

Akaichomeka taa kwenye kishikio cha balbu ukutani, akaiwasha, akashika kioo chekundu jichoni. Alipokishusha, uso wake haukuwa na hasira niliyoitarajia. Ulikuwa mtupu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tarehe ishirini Mei nilijua kwa hakika."

"Yaani siku tano kabla."

"Siku tano."

"Nilikuuliza mbele yake kama saa ni sahihi."

"Ndiyo."

"Ukasema ni sahihi."

Akaketi. Alizungumza kama anayesema na vile vipande vya kioo. "Nilipekua kila tundu la nyumba hii. Niliipekua bawaba. Nilimpekua mwanamke aliyenilea. Taa sikuigusa, kwa kuwa taa ilitoka ng'ambo." Akasukuma daftari kuelekea kwangu. "Andika. Tarehe ya leo, na yote uliyoyaacha. Usitie *nadhani*."

Niliandika ukurasa mzima na nusu. Alisoma, akatia sahihi chini ya yangu. Nikamwuliza kama nikabidhi funguo.

"Ningependa kukufukuza," akasema. "Ningelala vizuri. Lakini ripoti ina siku nane, na ukurasa wa nne utauandika upya wewe, kwa jina lako. Funguo tutazungumza Julai. Kesho alasiri twende Majengo. Mimi nitaomba radhi yangu. Yako utaisema mwenyewe, sitakusaidia hata neno."

Jumatano, 23 Juni

Naandika nikiwa kwenye kigoda cha Mama Mejumaa, Majengo, na sina ruhusa ya kuondoka.

Tulifika saa tisa. Daktari alivua viatu mlangoni, akaingia, akamshika mama mikono yote miwili, akasema alilolisema. Sitaliandika, si langu. Walilia kidogo, wote wawili. Kisha Daktari akasogea pembeni, nami nikabaki katikati ya chumba.

Nilisema yote. Doa la kuvu, kitambaa, Dawoodbhai, kioo chekundu, daftari, debe la biskuti. Mama Mejumaa alisikiliza akichambua mbaazi, hakuinua uso. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo mlango nilifunga."

"Ulifunga, mama. Kila mara."

Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Kichwa changu ni kizima."

Kisha akanitazama. "Ile Jumapili uliyonijia na mkate wa mofa. Ukala mbaazi zangu. Nikakwambia nimekuwa mwongo nisiyejijua. Ulikuwa ushajua?"

"Nilikuwa ninajua."

"Ukanisikiliza mpaka mwisho."

"Ndiyo."

"Basi kioo nimekusamehe hapa hapa, vioo vyavunjika. Hilo la mkate wa mofa sijakusamehe. Sijui lini. Ukiona kimya usiniulize."

Daktari alisema trei za leo zinatakiwa kumwagiliwa kabla ya saa kumi na moja, na kwamba yeye mwenyewe jana alimwaga maji akaizamisha nusu ya miche. Mama Mejumaa aliinuka kama msichana. Alifunga leso, akatafuta kandambili. Nami nikainuka niwafuate.

"Wewe wenda wapi?" akaniuliza. "Chungu changu kiko jikoni, wateja waja magharibi. Kaa hapo. Tui zito litie mbaazi zikishalainika, si kabla, usilikate. Na kila atakayekuja na bakuli atauliza Mejumaa yuko wapi. Mwambie ameitwa kazini kwake. Akuulize kwa nini alifukuzwa, umwambie. Uanze penye doa. Usiruke kitu, karani."

"Kila mmoja, mama?"

"Wao walisikia kila mmoja."

Wakaenda. Nimewasikia wakicheka mbele ya njia, sijui kwa lipi.

Mbaazi zimelainika, nimetia tui, halikukatika. Wa kwanza kuja ni yule jirani wa dawa za Wazungu, jina lake Gunga, na bakuli la bati. Nilimwambia. Sauti ilinitoka nyembamba mwanzoni. Alisimama akanisikiliza hadi penye debe la biskuti, akinitazama juu chini. Nilipomaliza akasema, "Na mbaazi je? Zimeiva, au nazo umezificha?"

Nikafunua chungu, akachungulia mwenyewe. Nyuma yake wamesimama watatu na mabakuli yao, nao wanataka kujua Mejumaa yuko wapi. Naweka kalamu chini, nianze tena penye doa.